Msimbo wa Urembo

Baba Pacha alipotia mguu karakana asubuhi ile, mashine zilizimwa zote kwa pamoja. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akipiga msasa kiti, akainama kama aliye mbele ya bibi harusi.

"Karibu, Mrembo!"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka likizo ya ugonjwa. Miaka na miaka sainasi zilimtesa, vile vishimo vya hewa vilivyo nyuma ya mashavu na juu ya macho. Vyake vilijaa usaha, hata kuinama afunge viatu ikawa adhabu. Mwishowe daktari wa pua akampasua, akavifungua. Sasa anapumua kama watu, na watu wanamcheka.

"Mrembo ndiyo nani?"

"Si wewe, shemeji! Karani katwambia. Bima wamekataa kulipa, wanasema ulikwenda kunyooshewa pua ipendeze."

"Bado kope, fundi!" sauti ikadakia kutoka nyuma ya mbao.

Baba Pacha akawapa mgongo. Akaenda ofisini kwa Karani, mshughulikiaji wa bima za wafanyakazi. Barua ilikuwepo kweli: upasuaji wa kurekebisha umbo la pua, haulipiwi.

"Na hii ukaona ukawasomee wenzangu?"

"Utani tu, mzee. Usipandishe presha, mshono utafumuka."

Jioni akakuta habari zimemtangulia nyumbani. Mama Pacha alimtengea chakula kimyakimya, kisha akakaa mkabala naye.

"Baba Pacha, hebu nambie. Unajipambia nani?"

"Mama Pacha! Si wewe uliyekuwa ukinibadilisha pamba zenye damu?"

"Damu niliiona. Walichokifanya huko ndani sikukiona. Lisemwalo lipo."

Kicheko cha karakana kilimuudhi, hili lilimchoma. Akasukuma sahani, akaenda kulala, akaupa ukuta uso wake.

Kesho yake hospitali ilimrusha dirisha hadi dirisha, mpaka akaishia chumba cha nyuma kisicho na dirisha hata moja, kitengo cha misimbo. Humo dada mmoja alikuwa kaizungushia kompyuta yake mafaili. Kazi yake ni kusoma alichoandika daktari, kisha kuupa kila ugonjwa na kila upasuaji msimbo wake, herufi na tarakimu. Bima haimwoni mgonjwa, inaiona misimbo.

"Nani kaniandika mimi natafuta urembo?"

Dada akafungua faili, akasoma, akakunja uso. "Daktari kaandika mstari mmoja: 'Pua imenyooshwa, sainasi zimesafishwa.' Kusafisha si kufungua, hakuna msimbo wa upasuaji. Imebaki kunyoosha pua. Nikaweka msimbo wa kunyoosha pua."

"Nilipasuliwa ndani! Wewe hukuona kwamba mimi ni mgonjwa wa sainasi?"

"Niliona. Ila hapa tuna kanuni yetu: kisichoandikwa hakikufanyika."

"Kumbe? Na damu niliyotema wiki nzima, nayo haikutoka kwa kuwa haikuandikwa?"

Dada akalifunga faili. "Ilinipasa nimpigie nimuulize," akasema. "Sikumpigia. Mafaili ndiyo haya unayoyaona."

"Mpigie sasa."

Akapiga. Sauti ya daktari ilisikika mpaka mlangoni ikisema ina shughuli, suala la misimbo lisubiri. Baba Pacha akaupokonya mkono wa simu.

"Daktari, hapa inaongea pua uliyoipasua. Nipo huku chini na siondoki."

Daktari alishuka, kofia ya chumba cha upasuaji ingali kichwani. "Jamani, kila mtu anajua nilichofanya!"

"Nani anajua? Mke wangu hajui. Bima hawajui. Kazini naitwa Mrembo. Unajua wewe peke yako, na hukuandika!"

Daktari akamtazama dada wa misimbo, dada akamtazama daktari, kila mmoja akitaka mpira ubaki kwa mwenzake. Baba Pacha akavuta kiti, akakaa katikati yao. Ikabidi kazi ifanyike.

Daktari akaandika upya: sainasi za mashavu zimefunguliwa pande zote mbili, na ya juu ya jicho la kulia, vinyama vilivyoota humo vimetolewa, ukuta wa ndani unaoyagawa matundu ya pua umenyooshwa. Dada akapachika msimbo mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Kazi yako ipi, baba?"

"Seremala. Nakula vumbi la mbao tangu ujana."

"Daktari, unadhani ndiyo sababu?"

"Kwa kiasi kikubwa."

"Basi liandike. Nalo lina msimbo wake."

Safari hii bima walikubali. Ila siku nakala ya misimbo ilipofika karakana, Baba Pacha aliitwa na Meneja mwenyewe, yule ambaye hajapata kumwita hata kwa salamu. Karani alisimama pembeni, tabasamu limeyeyuka.

"Fundi, hongera, mambo yamekaa sawa," Meneja alisema. "Ila huu msimbo wa mwisho, huu wa vumbi la kazini, wa nini? Waambie wautoe. Sisi ni familia moja."

"Familia? Niliposingiziwa urembo mlicheka hapahapa. Hamkumwita daktari, hamkuniita mimi. Leo vumbi limepata msimbo, mnaogopa kudaiwa fidia, ndiyo nimekuwa ndugu?"

"Usinielewe vibaya..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Meneja. Feni ya kunyonya vumbi imekufa zamani, tumesema mpaka tumechoka. Msimbo hautoki."

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye swichi kuu, akaizima. Mafundi wakageuka.

"Mnaniita Mrembo," aliwaambia. "Sawa. Nani hapa hapumulii mdomo akilala? Nani haumwi uso? Asimame anicheke!"

Hakuna aliyecheka. Shemeji yake, kamasi zikimsumbua kama kawaida yake, alijifuta kwa mkono wa shati na kutazama chini.

Mwezi huo baadhi yao walikwenda kupimwa, na ule msimbo wa vumbi ukaanza kuingia ofisini kwa Karani barua baada ya barua. Feni ikatengenezwa. Meneja alisema ulikuwa mpango wa kampuni tangu mwanzo.

Mama Pacha aliposomewa ile karatasi ya daktari alimshika mkono mumewe, akasema, "Nisamehe, mume wangu." Akamsamehe, ingawa si siku ileile.

Karani naye alimfuata, akamvuta hadi ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mzee, nisamehe, yaishe."

"Ulinitangaza hadharani, radhi unaniomba chumbani?" Baba Pacha akaufungua mlango, akaushikilia. "Njoo uyaseme huku nje."

Karani akawaangalia mafundi waliokuwa wakinywa chai, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Baba Pacha akauacha mlango wazi, akaenda kazini.