Taa za Kaunta

Katika supamaketi ile, kila kaunta ya malipo ilikuwa na mlingoti mfupi wenye taa nyekundu juu yake. Sheria ilikuwa hivi: keshia mgeni akikwama, hata kwa jambo dogo, anawasha taa, anakunja mikono na kumsubiri meneja aje na ufunguo wake. Keshia wa zamani hakuhitaji hayo. Mama Mizani hakuwa amewasha taa yake tangu mwaka wake wa kwanza kazini, na balbu yenyewe ilishajaa vumbi.

Jina hilo alipewa na wateja. Mashine ikigoma kusoma bei, yeye alikuwa nayo kichwani. Mteja akija na risiti iliyochanika na mdomo mchafu, Mama Mizani alimtuliza, akampa haki yake, foleni ikasonga. Mameneja walikuja na kuondoka, yeye yupo. Huyu wa sasa, kijana wa mashati yaliyonyooka kama karatasi, alimwita "mama yetu" mbele ya wageni. Umama huo haukuwahi kuingia kwenye mshahara.

Walilipwa kwa saa. Kila mwaka aliomba nyongeza, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: "Umefika kikomo cha ngazi yako." Ngazi gani hiyo, jamani? Mtu anapanda vipago vitatu vinne, halafu anaachwa juu hapo mpaka miguu imvimbe! Bei za bidhaa zilipanda, tena lebo zake alizibandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba naye hakuwa amesikia habari za kikomo. Alishatangaza kwamba mwezi ujao kodi inapanda, na Mama Mizani asipopata nyongeza, ingebidi arudishe chumba kimoja kati ya viwili alivyopanga. Chumba chenyewe ndimo alimokuwa analala mtoto wa dada yake.

Binti huyo alikuwa ameajiriwa juzi tu, keshia kama yeye. Mama Mizani ndiye aliyemwombea kazi, na ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kupanga chenji hadi kumvumilia mteja anayegombana na dunia nzima kwa sababu ya sabuni moja.

Siku alipopokea mshahara wake wa kwanza, binti alirudi nyumbani anang'aa. Alimkuta Mama Mizani ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, akamwekea pesa mapajani.

"Mama mkubwa, wa kwanza ni wako. Nibariki tu."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Wanakulipaje kwa saa?"

Binti akataja.

"Rudia."

Akarudia.

"Hapo ndipo nilipo mimi," Mama Mizani alisema.

Binti alidhani anataniwa. Alicheka, kisha akaacha. "Lakini mama mkubwa, mimi juzi sikujua hata karatasi ya risiti inaingilia wapi."

"Najua. Si nilikuonyesha mimi?"

Maji yalipoa miguu ikiwa bado ndani ya beseni. Mama Mizani hakuwa na kinyongo na mtoto, hata chembe, na hilo ndilo lililomkata maini: kwamba furaha ya mwanawe imemgeukia shubiri, na aliyeitia shubiri hiyo amelala zake salama.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

"Baba, ni kweli mgeni analipwa sawa na mimi?"

Meneja alikohoa kidogo. "Soko limebadilika, mama yetu. Tukiwaanzia chini hawaji. Kwa hiyo makao makuu wamepandisha malipo ya kuanzia."

"Na kikomo?"

"Kikomo hakijaguswa."

"Chini mmepandisha, juu mmeacha. Mimi mmenibana hapo katikati kama nguo kwenye mlango."

Meneja alicheka, akafungua mtoto wa meza, akatoa beji ya nyota ya rangi ya dhahabu iliyoandikwa *Mkongwe*. "Makao makuu wanakuthamini sana. Halafu kuna wageni wengine wanaingia wiki hii, naomba uwafundishe."

"Kwa malipo gani?"

"Mama, ngazi yako..."

"Ngazi hiyo usinitajie. Niambie tu: kwenu nyie, mimi na mgeni tuko sawa?"

"Kwa upande wa malipo tu, mama."

"Basi nyie na mimi tuna nini kingine zaidi ya malipo? Tumeoana?"

Aliiacha beji palepale mezani. Alipofika kaunta yake, alishika pindo la aproni, akaifuta balbu vumbi taratibu, mpaka ikang'aa. Mteja wa kwanza alileta mfuko wa vitunguu usio na lebo. Bei yake Mama Mizani aliijua kama anavyolijua jina lake. Akawasha taa. Akakunja mikono.

"Mama Mizani, hata wewe?" mteja alishangaa.

"Mimi mgeni, ndugu yangu. Nimeanza leo."

Meneja alikuja, akafungua kwa ufunguo, akaondoka. Hajafika mbali, taa ikawaka tena. Kwenye kaunta ya jirani alikaa keshia mwingine wa zamani, waliyembandika jina la Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Aliuliza kuna nini, akaambiwa. "Hee! Wageni sawa na sisi?" Naye akawasha yake. Habari ikapita kaunta kwa kaunta, na kila mkongwe aliyeipata akageuka mgeni. Kabla ya saa sita foleni zilikuwa zimefika kwenye rafu za sabuni, na meneja anakimbia huku na huku, shati limemganda mgongoni.

"Mama, unanifanyia nini?"

"Nafuata sheria. Mgeni akikwama, awashe taa."

"Lakini wewe si mgeni!" meneja alipaza sauti.

"Rudia," alisema Mama Mizani, "wakusikie wote. Halafu uwapigie makao makuu uwaambie hivyo hivyo."

Meneja alitazama kando kutafuta msaada. Kaunta moja tu ndiyo iliyokuwa inasonga. Binti alikuwa anapitisha bidhaa, haraka na kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Mwangalie mwanao!" meneja akamnyooshea kidole. "Ameanza juzi, na taa yake haijawaka hata mara moja. Huoni haya?"

Binti alisimamisha mkono, pakiti ya sukari ikiwa hewani. Alimtazama mama mkubwa wake, akamtazama meneja, akaiweka sukari chini. Kisha akawasha taa.

"Umekwama nini wewe?" meneja alifoka. "Si mashine imesoma bei?"

"Imesoma, meneja. Nimekwama kwenye jambo jingine. Aliyenifundisha kazi hii yote analipwa sawa na mimi, na mimi sielewi kwa nini." Akakunja mikono. "Njoo na ufunguo wako unifungulie hilo."

Foleni nzima ikanyamaza, hata Kimya.