Kipimo cha Mguu wa Kushoto

Saa kumi na dakika kumi alasiri, siku ya Jumanne, mguu wa kulia wa Penina ulikuwa na urefu wa sentimita ishirini na tano na nusu. Wa kushoto ulikuwa na ishirini na mbili. Dismasi, muuza raba wa Ngarenaro, aliipima tena juu ya karatasi kwa rula yake ya chuma, akaandika tarakimu zote mbili kwenye kipande cha boksi, kisha akamwomba autoe mguu wa kushoto kwenye karatasi na kuuweka sakafuni. Sakafuni miguu ilikuwa sawa. Akamwomba aurudishe. Juu ya karatasi, kama ndani ya kiatu, ukawa ishirini na mbili.

"Huu ni wa mtoto," alisema.

"Wa miaka mingapi?"

Dismasi alitazama ukucha wa kidole gumba, na kovu la mwiba ambalo lilikuwa bado bichi. "Kumi na mmoja. Kumi na miwili kama ulichelewa kukua."

"Nilichelewa," alisema Penina.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Tangu mwaka uliopita alikuwa na kisukari, na daktari alimpa maagizo mawili: afanye mazoezi, na asipate kidonda mguuni. Agizo la kwanza alilitimiza Sekei, kwenye ukumbi ambako Catherine alifundisha erobiki mara tatu kwa wiki. La pili lilikuwa hatarini. Kila walipoambiwa waruke upande, kiatu cha kushoto kilimwacha. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alianguka, na kiatu kiliruka kikampiga Tabea, mwenzake wa darasa, kiunoni.

"Mama Nice, uwanja wa mpira uko kule ng'ambo," alisema Tabea.

Catherine alimkagua vidole kimoja kimoja na kukuta lengelenge. "Ukianguka tena nakuweka kwenye benchi, mama. Sitaki kesi na Nice." Nice alikuwa binti yake Penina, na ndiye aliyelipia darasa.

Kwenye kandambili Penina hakuwahi kuona tofauti. Viatu vya kanisani alivijaza pamba upande wa kushoto kwa miaka thelathini, akidhani kila mwanamke hufanya hivyo.

"Nani alikupima mara ya mwisho kabla yangu?" aliuliza Dismasi.

"Baba. Nkoaranga, mwaka themanini na tatu."

"Kwa kamba ya mgomba?"

"Kwa kamba ya mgomba."

Dismasi alitikisa kichwa kama fundi anayesikia mlio wa injini anaoujua. Wazazi waliokwenda mjini kununua viatu hawakuwachukua watoto. Walichana kamba kavu ya mgomba, wakailaza chini ya unyayo, wakaikata mwisho wa kidole kirefu, wakaiweka mfukoni. Mguu uliopimwa hivyo ukaletewa kiatu, uliendelea kukua. Ambao haukuletewa, ulisubiri.

"Kwa mwezi napata wanne, watano," alisema. "Wengi wanashuka kutoka mlimani, wengine wanatoka huko magharibi kwenye ng'ombe. Wote kina mama."

"Na wanaume?"

"Alikuja mmoja. Wake ulikuwa umevimba tu."

Alivuta kreti kutoka chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na raba za kushoto peke yake, ndogo, zimepangwa kwa namba. Lakini kabla ya kuchagua alitaka kujua kitu kimoja: kama kile kiatu ambacho mguu ulipimiwa bado kipo. Mguu ukikivaa, hata mara moja, humaliza kusubiri.

Penina alimpigia simu Yona, mdogo wake, akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kihambani. Naegemeza migomba, upepo wa jana umeilaza."

"Vile viatu vyeusi vya darasa la tano bado unavyo?"

Yona alicheka. "Vipo kabatini. Wajukuu nawaonyesha, wananiita Mzee Buti."

Penina alikuwa amempita Yona kwa miaka miwili, ila alianza shule kwa kuchelewa kwa sababu alikuwa akimbeba Yona huyo huyo mgongoni. Kwa hiyo walifika darasa la tano pamoja, mwaka ambao mwalimu mkuu alitangaza kwamba darasa hilo haingii mtoto pekupeku. Yona aliingia. Penina alikwenda kuchuma kahawa, na msimu ulipoisha hakuna aliyemrudisha.

"Baba alisema duka lilikuwa na pea moja tu," alisema Penina. "Nilifikiri alichukua ile aliyoikuta."

"Pea zilikuwa zimejaa ukuta mzima, dada. Nilikuwa naye." Sauti ya Yona ilikuwa ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Alikupima wewe ili vinitoshe mimi mpaka darasa la saba. Mama akajaza pamba mbele. Hukujua?"

"Sikujua."

"Mimi nilidhani unajua."

Penina alisogeza simu karibu.

"Nikija, nikivae kile cha kushoto?" aliuliza Penina. "Mara moja."

"Kimekauka, kitapasuka. Halafu ni vyangu, dada. Ndivyo vilivyonisomesha. Jumamosi nakuletea mkungu wa ndizi mshare."

"Sukari, Yona."

"Basi nusu mkungu."

Aliagwa vizuri, akaambiwa awasalimie wote wa nyumbani, simu ikakatika. Penina aliutazama mguu wake uliokuwa bado juu ya karatasi, vidole vimetandazwa vizuri, kisigino kimekaa kwenye mstari, kama alivyofundishwa kusimama siku ile ya kamba.

"Umesikia?" aliuuliza mguu.

"Miguu haisikii," alisema Dismasi. "Inapimwa tu."

"Basi usiuambie."

"Siuambii."

Alirudi kwenye kazi. Raba ya kukimbilia aliiweka pembeni, kwa sababu kisigino chake ni kirefu na kwenye erobiki mtu huruka kwenda pembeni. Alichagua ya mchezo wa ndani. Aliikunja: ilikunjika pale vidole vinapokunjikia, si katikati. Aliisokota kama nguo ya kukamua: ilikataa. Alibonyeza kisigino kwa dole gumba, hakikuingia. Kwa mguu wa kulia ilikuwa namba arobaini na moja, na mbele ilibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kwa wa kushoto ilikuwa thelathini na sita, nyeupe yenye mstari wa kijani, na kwa kuwa ilishonewa mtoto lakini ingebeba kilo themanini na moja, aliongeza soli mbili za ndani.

Penina alivaa soksi aliyokuja nayo, ikazidi. Dismasi alimtafutia ndogo. Kisha akapiga goti aifunge kamba.

"Acha," alisema Penina. "Huu nitaufunga mwenyewe."

Aliinama. Magoti yalilia. Alivuta ulimi wa kiatu ukakaa katikati, akafunga fundo, akafunga la pili juu yake, akapiga kofi dogo ubavuni mwa kiatu, kama anavyofanyiwa mtoto anayeambiwa aende, atachelewa.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja na nusu jioni, alisimama mstari wa pili ukumbini Sekei. Tabea alitazama chini, akaona arobaini na moja na thelathini na sita, akasogea hatua moja mbali na njia ya kiatu. Catherine alihesabu. Waliruka kulia mara nane na kushoto mara nane, kwa seti nne.

Saa kumi na mbili na dakika kumi Catherine alipiga filimbi na kuwakagua miguu. Mguu wa kushoto wa Penina ulitolewa kwenye kiatu ukiwa bado na sentimita ishirini na mbili. Haukuwa na lengelenge.