Faili Lililofutwa Likiwa Wazi

Kompyuta za ofisi zilikuwa kuukuu, na kila ikikaribia saa sita mchana ziliganda. Fundi alijua sababu. Kiini cha mfumo, ile programu inayozibeba nyingine zote, hushika kadi ya taarifa kwenye kumbukumbu kwa kila faili. Mafaili yalikuwa maelfu kwa maelfu, na kadi zilikuwa nene. Bosi alishasema: kadi zikipungua unene, marekebisho yatatumwa jioni kwenye matawi yote ya ofisi; zisipopungua, fundi aachane na kiini, arudi kubadilisha wino wa printa.

Fundi akaona kwenye kadi nafasi mbili zinazoweza kuunganishwa ziwe moja: moja hutumika faili likiwa wazi, nyingine linapofutwa.

“Hazikutani hata siku moja,” alimwambia mkaguzi wa kazi yake, dada mmoja asiyemeza kitu bila kukitafuna.

“Na mtu akifuta faili alilolifungua?”

“Dada yangu, nani huyo? Unavunja sahani huku unakula?”

“Kwani watu unawajua wewe?”

Fundi akaziunganisha, wakajaribu kwenye kompyuta za ofisi. Saa sita ikapita, hakuna iliyoganda. Fundi akatembea kifua mbele, akakaa tayari kutuma.

Chumba cha pili, bosi aliingia bila kubisha hodi. Mhasibu, aliyekuwa akitazama mechi badala ya kufunga hesabu, akashtuka, akalifuta faili la mechi likiwa bado linacheza.

Kompyuta ikaganda palepale. Kwenye kioo kizima: mshambuliaji kanyanyua mguu, kipa yuko chini.

“Virusi, bosi,” mhasibu alisema.

“Virusi vimevaa jezi?”

Fundi alifika mbio, akaiona mechi iliyoganda, akakumbuka swali la dada. Angenyamaza, lawama zingebaki kwa mhasibu na marekebisho yangeondoka. Akasema, “Bosi, mechi ni yake, ila kompyuta nimeiangusha mimi. Tusitume.”

Bosi hakugeuka. “Tutaongea. Kwanza, huyu mshambuliaji si ameotea?”

“Hajaotea!” mhasibu aliruka. “Beki wa kushoto amebaki nyuma!”

“Kumbe umeitazama vizuri.”

Fundi akapewa muda hadi wiki iliyofuata. Alizitenganisha zile nafasi mbili, na dada akavuta kiti karibu naye.

“Hizi mbili nyingine je?” fundi aliuliza, akionyesha kidole. “Naona hazikutani.”

“Kabla hujaapa,” dada alisema, “mwite kwanza mhasibu.”