Ramani za Jumatano

Siku nyingine zote alikuwa mwalimu wa kawaida tu, tena mkali, lakini ikifika Jumatano saa nne asubuhi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa buti zake za mpira, ndiyo maana watoto wa darasa la nne walimwita Mwalimu Buti hata mbele yake, akawapanga wawili wawili, akawatoa getini na kuwapeleka kwenye kimsitu kilichokuwa nyuma ya matangi ya maji. Huko hakukuwa na kiti wala ubao. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo wenzake walikuwa wakimcheka.

"Leo mnaenda kuhesabu siafu?" mwalimu wa hesabu alimwuliza kila Jumatano, kikombe cha chai mkononi.

"Siafu wana adabu kuliko hao wa kwako," alijibu, huyo akaenda zake.

Msituni watoto walipima kivuli, walichora majani, walichimba udongo. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile aliyoibuni mwenyewe. Kila mtoto alipewa karatasi yenye msalaba katikati. Msalaba ni wewe, na juu ya karatasi ni upande wa matangi, hata ukiwa umeelekea wapi. Unakaa peke yako, unafumba macho, unanyamaza dakika kumi, na kila unaposikia sauti unafumbua kidogo, unatia alama upande ule inakotoka, kisha unafumba tena. Waliiita ramani ya sauti. Mwalimu naye alichora ya kwake, maana hakupenda kuwatuma watoto kazi ambayo yeye haifanyi.

Usiseme huo ni mchezo. Kulikuwa na mtoto waliyembandika jina la Kimbunga, ambaye darasani hakumaliza dakika tatu bila kumchokoza jirani yake. Chini ya mti alizimaliza zote kumi, tena akaomba nyingine. Watoto ambao insha zao zilikuwa mistari mitatu ya kuokoteza walirudi Alhamisi na kurasa mbili, kwa sababu safari hii walikuwa na la kusema. Na kulikuwa na Karani.

Karani alikuwa msichana mdogo mwenye mwandiko mzuri kupita umri wake, na jina alilipata hapo. Alilelewa na bibi yake. Muhula wa kwanza bibi huyo alikuja shuleni kwa miguu, akamshika mwalimu mkono, akamwambia, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu alikuwa haongei. Namsemesha, ananitazama tu. Sasa ikifika Jumatano jioni hanipi hata nafasi ya kumeza tonge." Ramani za Karani zilikuwa na maneno madogo pembeni ya kila alama: mtu anakohoa mbali. Jani limeanguka. Mwalimu anapumua. Mwalimu Buti alikuwa na watoto wawili wa kuzaa, wote watu wazima, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba huyu alimpenda karibu sawa na wao.

Mwalimu Mkuu, kwa upande wake, alikuwa akitafuta upenyo tu wa kuzifuta hizo Jumatano. Mtihani ulikuwa unakuja na yeye alitaka watoto wakae vitini. Mwalimu Buti alimkalia kooni kila mwaka mpaka akanywea.

Sasa, Jumatano moja walirudi salama, na jioni akazitandaza ramani kwenye meza ya ofisi ya walimu. Zilikuwa thelathini na moja. Kila moja ilikuwa na alama juu, upande wa kulia, na wengi walikuwa wameandika: ndege, tsii-tsii-tsii. Kwenye ramani yake mwenyewe pale palikuwa peupe.

Hakushtuka. Alikasirika. Ndege yule alimjua vizuri. Yeye ndiye aliyeyafundisha madarasa ya nyuma kumtambua. Lakini tangu misumeno ianze kazi upande wa barabarani, mwaka juzi, ndege wadogo walikuwa wamehama. Alikwisha kuwatangazia wazazi. Alikwisha kuandika barua mbili kwenye ofisi ya misitu, barua kali, kulalamika kwamba msitu umekuwa bubu. Alama moja moja za namna hiyo alikuwa akizipuuza kama ndoto za watoto, lakini hizi zilikuwa thelathini na moja. Ndege aliyehama anaimbaje? Hapo akapata jibu moja tu: mmoja amebuni, wengine wamenakili.

"Nani alianza?" aliwauliza kesho yake.

Watoto wakatazamana. Kisha Karani, masikini, akanyoosha mkono. "Ni mimi nilimsikia kwanza, mwalimu. Alianza hata kabla hujatuambia tufumbe macho."

"Msituni hatuendi kutunga hadithi. Tunaandika tulichosikia. Ambaye hakusikia kitu aache wazi."

"Lakini nilimsikia."

"Karani!"

Akaitafuta ramani ya Karani kwenye rundo, akaichana vipande vinne mbele ya darasa zima. Mtoto alizitazama zile karatasi zikienda kapuni, halafu machozi yakamwagika. Mwalimu alimwambia akae chini, akageukia ubao.

Jumatano iliyofuata hakutaka mzaha. Aliwatawanya hatua ishirini ishirini, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Karani, aliyemhesabu kuwa kiongozi wa njama, alimkalisha kwenye mzizi hatua mbili kutoka kwake. "Hapa nikuone vizuri," akamwambia. Wakafumba macho.

Jioni, ramani ya kwanza kuitoa kwenye bahasha ilikuwa ya Karani. Juu kulia palikuwa peupe. Basi mwalimu akafurahi, tena akafurahi kweli kweli, akajisemea, umeona sasa, mtoto akibanwa husema kweli. Akaichukua ya pili, ya Kimbunga. Tsii-tsii. Ya tatu, vilevile. Akazipitia zote mpaka ya mwisho, kwanza upesi upesi, kisha polepole, na zote zile thelathini zilikuwa na alama pale pale, juu kulia. Watoto thelathini waliopeana migongo msituni hawawezi kula njama.

Akaivuta tena ya Karani, akailaza kando ya ya kwake. Gari, kushoto. Shoka, nyuma. Mtoto akipiga chafya, mbele. Alama tano hapa, alama tano kule, umbali ule ule. Kwenye ramani yake kulikuwa na kimstari kisicho na maana, kalamu ilipomteleza. Kwenye ya Karani kimstari hicho kilikuwepo pia. Na safari hii hakukuwa na neno hata moja pembeni.

Karani alikuwa amefumbua macho na kunakili. Mtoto ambaye hakuwahi kunakili hata jibu la hesabu alikuwa amemnakili mwalimu aliyemwadhibu kwa kubuni. Alimsikia ndege, akatazama karatasi ya mwalimu, akaona hayumo, akaamua kwamba aliyekosea ni sikio lake. Mwalimu Buti aliketi pale mpaka mfagiaji alipokuja kumwomba anyanyue miguu.

Jumamosi alikwenda hospitali. Kijana wa kitengo cha masikio alimvika vifaa vya kusikilizia, akampa kitufe. "Kila ukisikia mlio, mama, bonyeza." Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kisha pakatulia. Akangoja, kidole tayari, macho yametulia ukutani. Kijana akaja kumvua.

"Mbona umesimamisha?"

"Tumemaliza, mama."

Akamwonyesha mstari kwenye karatasi unavyotelemka. Sauti nzito anazo. Nyembamba zimekwenda, pengine ni mwaka wa tatu sasa, na nyingine zitafuata.

"Na filimbi?" aliuliza. Msituni kila mtoto alivaa filimbi shingoni, aipulize akipotea.

"Ya karibu utaisikia. Ya mbali, nisikudanganye."

Alitoka akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, vituo vitatu, akalia njia nzima bila kujali anayemtazama. Ndege hawakuwa wamehama. Walikuwa wamekaa palepale miaka yote hiyo, wanaimba juu ya kichwa chake, naye anawaandikia barua za msiba.

Tusimtakase. Jumapili nzima alipiga hesabu ya kunyamaza. Nani alijua? Hakuna. Angeweza kuwapa watoto kengele badala ya filimbi, angeweza kupunguza umbali, angeweza kuacha zile ramani na kubaki na majani na udongo. Jumatano zilikuwa ndiyo maisha yake; akilitaja tu sikio, Mkuu atazichukua siku hiyo hiyo. Lakini kila alipofika hapo aliiona ile karatasi isiyo na maneno. Akinyamaza, Karani atakua akijua kwamba masikio yake ni mabovu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuita majina, alisimama mbele ya darasa la nne.

"Ndege alikuwepo," alisema. "Nyinyi wote mlimsikia. Mimi ndiye sikusikia, kwa sababu masikio yangu yameharibika, nimepimwa. Niliwaita waongo. Nisameheni."

Kimbunga aliuliza kama yanauma. Wengine wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mwalimu akaenda mpaka kwenye dawati la Karani, akachuchumaa.

"Wewe ulimsikia wa kwanza."

"Ile uliyoichana," Karani alisema, akitazama dawati, "nilikuwa nimeipenda."

"Najua, mwanangu."

"Sasa nimeshasahau nilivyoandika."

Mwalimu alimshika kichwa, akakibania kifuani, na darasa zima likajifanya linatafuta kalamu.

Kabla ya mapumziko habari ilikuwa imefika kwa Mwalimu Mkuu. Hakuwa mtu mbaya, na hakufurahi kama alivyodhaniwa. "Akipotea mtoto mmoja anapuliza filimbi na wewe husikii, tutasema nini?" aliuliza. "Hutoki nao tena. Tuifute, yaishe."

"Usiifute. Nakuomba, mkuu wangu. Mpe mtu mwingine, mimi nitamwonyesha kila kitu."

"Nani? Wote hapa wanakucheka."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa kwenye kona akisahihisha madaftari, alifunika kalamu yake. "Nitawapeleka mimi," alisema bila kunyanyua uso. "Ila wewe usije. Watoto ni thelathini na mmoja. Ukija, nitakuwa na wa thelathini na mbili."

Lilimchoma, lakini lilikuwa kweli, na mtu aliyelisema ndiye pekee aliyejitolea. Akampa bahasha ya karatasi, kamba ya kupimia na filimbi zote.

Jumatano saa nne walijipanga kama kawaida, wawili wawili. Mwalimu Buti alibaki darasani, akajishughulisha kufuta ubao ambao ulikuwa safi. Alipogeuka alimkuta Karani ameketi kwenye dawati lake, mikono imekunjwa.

"Wewe! Wenzako wanaondoka."

"Mimi siendi. Nakaa na wewe." Alikuwa ameshalifikiria vizuri, ilionekana. "Nitakuwa nakuambia nani anakuita. Na kengele ikilia. Na kila kitu."

"Kengele naisikia, mama. Nenda kacheze na wenzako, uje unisimulie."

"Hapana. Usipomsikia mtu atakukasirikia."

Alimbembeleza. Alimwambia bibi atasikitika akikosa hadithi ya jioni. Alimwambia ni dakika tisini tu. Karani alitikisa kichwa na kuyashika makali ya dawati kwa mikono yote miwili. Huko nje mwalimu wa hesabu alikuwa anahesabu kichwa kwa kichwa, amefika ishirini na tisa. Mwalimu Buti alimtazama mtoto huyo wa miaka kumi, aliyezaliwa na masikio mazuri kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kumfundisha, akiwa tayari kuyaketisha ndani ya kuta nne kwa ajili ya mwanamke mzee. Akajua kwamba kesho atarudia, na keshokutwa.

Akakunja uso, akapaza sauti ile ya siku ya kuchana karatasi.

"Toka! Nimesema toka. Unanisumbua, sikuhitaji humu."

Karani alishtuka, uso ukamshuka, akateremka kwenye dawati. Alitoka mbio bila kugeuka. Mwalimu alisogea dirishani, akamwona akijifuta macho kwa mkono wa sare na kusimama mwisho wa mstari, mwalimu wa hesabu akimgusa bega na kusema thelathini na moja. Alikuwa amemliza mtoto yule mara mbili katika mwezi mmoja, na mara hii hakukosea. Alishika nondo za dirisha mpaka mstari ulipopita geti, kisha akakaa kwenye kiti cha Karani, ambacho kilikuwa bado na joto.