Chazo wa Kwenye Katuni

Baba alikataa safari Jumatatu, akakataa tena Jumanne, na Jumatano sikumwuliza. Mashua ya Mahmudi ilikuwa iondoke Jumamosi kwenda Ras Kamboni, kisha Kiunga, na dada yangu Zakiya angempokea Mombasa ampeleke kwa daktari wa upasuaji. Daktari aliyempima hapa Kismayo alisema uvimbe wa tumboni ukiondolewa mwezi huu huenda akapona. Ukiachwa, hautangoja. Niliyaeleza yote hayo taratibu, nimekaa kwenye ncha ya mkeka. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niache hapa hapa, mama," akasema, akageukia ukuta.

Mimi ni mwalimu. Mbele ya watoto arubaini nasema bila kutetemeka, lakini mbele ya mgongo wa baba yangu hukosa hata sauti.

Jumatano hiyo, baada ya alasiri, Thuraya alinisumbua nimfungulie katuni. Thuraya ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka sita, na nyumbani mwetu tumebaki watatu tu. Mwalimu mwenzangu Rashad alikuwa amenitilia filamu kwenye flashi ili niwaonyeshe wanafunzi, na moja ilikuwa ya kasa mzee anayetafuta ufuo alikozaliwa. Niliona haya kuifungua chumbani kwa mgonjwa. Tena sikuwa na heshima na katuni. Nilizijua kuwa ni makelele, na wanyama wenye midomo mirefu wanaowatukana wazazi wao. Nikapunguza sauti, nikaiweka laptopu juu ya kasha, nikawapa mgongo nikaanza kusahihisha madaftari.

Ilianza kama nilivyodhania. Kasa aliimba. Kaa wawili waligombana. Kisha Thuraya akaniuliza kwa nini yule samaki amelala chali.

Nikageuka. Samaki mwembamba, mweusi, alikuwa amejibandika chini ya tumbo la kasa, tumbo lake mwenyewe likielekea juu. Nikamwambia waliochora wamekosea, samaki mzima haogelei chali.

"Hawakukosea."

Ilikuwa sauti ya Baba. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani, amejiinua kwa kiwiko, na ile laptopu aliyokuwa akiiita sanduku la ujinga alikuwa akiitazama kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

"Rejesha nyuma nione," akasema. Nikarejesha. "Huyo ni chazo. Hushika kwa kisogo, si kwa tumbo, ndiyo maana hupinduka. Tazama kisogo chake."

Nikatazama. Walikuwa wamemchora na mistari kisogoni, imepangana kama soli ya raba.

"Mchu aliyechora hichi," Baba akasema kwa Kibajuni cha kwao, "amemwona kwa mato yake."

Thuraya akamkumbusha kwamba jana tu alisema katuni ni za wajinga. Baba akajibu kwamba alisema ni za watoto, na leo yeye ni mgeni wa mtoto, basi mgeni asogezewe mto. Tukamsogezea. Akacheka kidogo, akashika tumbo.

Nilijua Baba alikuwa mvuvi wa kasa kisiwani Fuma kabla sijazaliwa. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Kenya, na kazi ile sikupata kuiona, wala yeye hakupata kuisimulia. Jioni hiyo aliisimulia huku picha zikipita. Chazo hufungwa pete ya kamba mkiani, hulishwa kwa mkono, hukaa majini amefungwa kwenye mti karibu na nyumba. Akionekana kasa, huachiwa kamba. Humfuata, humshika gambani, na mvuvi huwavuta wote wawili.

"Habanduki?" Thuraya akauliza.

"Ukimvuta nyuma ndipo azidi kushika. Mpaka aende mbele mwenyewe, ndipo huachia."

Sikuyagusa tena madaftari. Ile filamu, sijui nani aliitengeneza, ilikuwa imepunguza mbio. Waimbaji walikwisha nyamaza. Dakika nzima ilipita tunatazama maji tu, na kasa akichoka. Mwisho alifika ufuoni na kichwa chake kikalala mchangani. Chazo alibaki amemshika huku maji yakipwa, na kila wimbi lilipomvuta nyuma alizidi kushika. Hapakuwa na wimbo. Kisha akasogea mbele, akaachia, na kwa kuwa alisogea mbele ilimbidi apite usoni mwa kasa. Akasimama hapo kidogo. Akaenda.

Nililia mbele ya mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia upuuzi, na hakuna aliyenitahadharisha.

Baba hakulia. Alingoja mpaka Thuraya alipotoka kwenda kucheza, ndipo akaniambia jambo ambalo sijui kama marehemu Mama alilijua. Desturi yao, mtu akitaka kusafiri, hata kwenda Hija, kwanza humfungua chazo wake kwa mkono wake mwenyewe. Hafungwi akaachwa. Mwaka wa tisini na moja, bunduki zilipofika Fuma, Baba aliwapakia watu wake akasukuma mashua. Chazo alikuwa pale kwenye mti, maji ya magoti, hatua chache tu.

"Nilikuwa na kisu kiunoni," akasema. "Kukata ni mara moja."

Nilimjibu kwa elimu yangu yote. Nilimwambia kamba huoza. Nilimwambia samaki ana nguvu, na maji makubwa ya bamvua yakija hukata hata nanga. Nilimwambia hakuna aliyemwacha chazo, watu walikuwa wakikimbia mauti. Alinisikiliza kwa upole uleule.

"Huenda," akasema.

Neno hilo nililibeba kama ushindi. Alhamisi alikunywa uji nusu bakuli, akataka katuni. Ijumaa akaitaka tena, akamfundisha Thuraya majina ya samaki wote waliopita kwenye kioo, na Thuraya, ambaye humjibu Kisomali kila siku, aliyarudia kwa Kibajuni. Nikampigia Zakiya. Nikafunga mkoba: kikoi, dawa, karatasi za daktari. Niliamini filamu ile imefanya nilichoshindwa mimi.

Baada ya alasiri nilimletea mkoba auone. Aliufungua, akakunjua kikoi, akakikunja tena vizuri kuliko nilivyokikunja.

"Ibtisam, mwanangu. Mimi nilimwacha mwenzangu kambani. Sina uso wa kwenda kufunguliwa."

Nilitaka kumwambia kwamba ni samaki. Lakini nilikuwa nimemwona yule wa kwenye katuni akisimama usoni mwa kasa, na neno hilo halikutoka.

Jumamosi nilishuka ufuoni kumwambia Mahmudi asingoje. Mahali pa Baba waliweka magunia ya vitunguu, na mmoja wa mabaharia akayafunika turubai ili yasilowe. Nikasubiri mpaka mashua ikaondoka, kana kwamba kuna mtu ndani yake wa kumuaga.

Nilipofika nyumbani, Thuraya alikuwa ameifungua laptopu mwenyewe. Baba alikuwa amelala kwa ubavu, amekonda zaidi ya jana, macho wazi. Kwenye kioo maji yalikuwa yakipwa. Thuraya alinieleza kwamba hii ni mara ya tatu, kwa sababu kila chazo akikaribia kuachia yeye humrudisha, na Babu anamkataza.

"Mwache aende," Baba akasema, sauti ndogo.

Nikakaa kati yao. Samaki akaanza kusogea mbele. Thuraya akanitazama mimi, mwalimu, aone nitaamua nini.

Nikanyoosha mkono nikairejesha filamu nyuma.