Mbavu za Rohit

Rohit aliuza mabati na misumari mjini Dodoma; Elieth alishona sare za shule mlango wa pili. Walikuwa wamegombania kibaraza chao cha pamoja kwa miaka, hata Rohit akazoea kuwaambia wateja, "Huyu mama ndiye atakayeniua."

Asubuhi moja alitoka kumfokea kuhusu meza ya kukatia vitambaa. "Nimekwambia mara ngapi, iondoe hiyo..." Hakumaliza. Alianguka chali.

Watu wakajaa. Mmoja alisema ni kifafa, mwingine akataka anusishwe kitunguu, wenye simu wakarekodi. Elieth alimtikisa, akamwita, akatazama kifua. Kilikuwa kimetulia.

"Hapumui! Elisha, ita gari la wagonjwa!" alimwambia dereva wa bodaboda aliyeegesha hapo. Akapiga magoti, akabandika viganja katikati ya kifua cha jirani yake, akaanza kukandamiza kwa nguvu na haraka, kama walivyofundishwa huduma ya kwanza kanisani kwa mwanasesere wa mpira. Siku ile walicheka sana.

Ubavu ukalia, ka! Watu wakaguna.

"Mama, unamuumiza," mzee mmoja akaonya.

"Maiti haiumii, baba. Nipishe."

Hapo Damyanti, mke wa Rohit, akashuka mbio kutoka ghorofani. "Dada Elieth! Hata leo mnapigana?"

"Moyo umesimama, dada. Nausukuma."

Damyanti alikaa chini akashika miguu ya mumewe. Mikono ya Elieth ilipochoka, Elisha alipokea, naye Elieth akimhimiza, "Zidisha! Usiache!" Moyoni aliogopa: Rohit akifa, mji mzima utasema alitabiri.

Gari lilifika, wahudumu wakamshtua kwa mashine, na mapigo yakarudi.

"Wangesubiri gari wakimtazama tu," daktari alimwambia Damyanti hospitalini, "sasa hivi ningekuwa nakupa pole ya msiba."

Baada ya wiki kadhaa Rohit alirudi dukani, mkono ubavuni.

"Umenivunja mbavu mbili," alimwambia Elieth.

"Zitaunga. Karibu tena, baba Pooja."

"Na hiyo meza bado ipo."

"Ipo."

Asante hakuitoa. Lakini Jumamosi Damyanti alileta mto, akamwomba Elieth amfundishe. Rohit aliketi kitini, akimtazama mkewe anavyoubonyeza taratibu, kwa adabu.

"Kwa nguvu!" akafoka. "Ukinipapasa hivyo, nitakufa!"