Kasoro za Gari la Stephano

Mume wangu Amiri hajui kununua kitu bila kukitukana. Ndivyo wafanyavyo wanunuzi wote wa mboga huku kwetu Lushoto. Akiingia shambani kwa mtu ataikamata kabichi iliyofunga vizuri, ataipiga kofi, atasema, "Hii ni majani matupu, ndani kuna upepo." Mwenye shamba naye atamjibu kwamba upepo uko kichwani kwake, watacheka, watapatana. Ng'ombe ndiyo usiseme. Ukimsifu ng'ombe wa mtu mbele ya mwenyewe, umekwisha, bei inapanda ukiwa umesimama palepale. Kwa hiyo akipendacho Amiri hukiponda, na akipendacho sana hukiponda sana. Hata mimi, siku ya posa, alimnong'oneza mshenga wake kwamba nimekonda, na baba akasikia.

Basi katika vitu vyote vya dunia hii, alichokitamani zaidi kilikuwa gari la Stephano, afisa misitu wa Magamba. Lilikuwa gari la milango miwili, jekundu, limelala chini, la mbio kabisa, gari ambalo mtu mwenye akili zake asingelileta kwenye milima hii. Stephano alilileta. Kila Jumapili alishuka nalo kwenda kanisani, mkewe Mwalimu Evodia kando yake, kitambaa kichwani. Amiri akilisikia linakuja aliacha hata ugali akatoka nje kulitazama. Stephano alipofariki, gari likabaki bandani, limefunikwa turubai. Msimu huu wa karoti tukasikia Mwalimu analiuza.

Amiri alimchukua fundi Omari, na mimi nikafuatana nao, kwa sababu si adabu wanaume wawili kumwendea mjane peke yao. Njiani wakapanga mambo yao.

"Ukikuta kitu kizima, tikisa kichwa," Amiri alimwambia. "Ukikuta kibovu, tikisa kichwa."

"Na mwenyewe akiniuliza?"

"Itikia nitakachosema mimi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, maana hata baba yangu hununua ng'ombe hivyohivyo.

Mwalimu alitupokea vizuri. "Shikamoo Mwalimu," tukamwamkia, naye akaitikia marahaba, karibuni wanangu, akatuletea chai ya maziwa sebuleni. Picha ya Stephano ilikuwa ukutani juu ya kochi, amevaa sare za misitu, anacheka. Mwalimu si mtu wa huku, kwao ni Bukoba. Ameishi Magamba mpaka mvi zimemtoka, lakini kuuza hajawahi kuuza hata kuku. Maziwa, peasi, mbao, vyote aliuza marehemu. Mwalimu yeye amefundisha watoto, na mwalimu akiambiwa jambo na anayelijua, huliamini.

Tukaenda bandani. Omari akavua shati, akalala chini ya gari na tochi yake. Akagonga bodi kwa kidole kila mahali, akisikiliza kama kuna palipozibwa. Akachomoa stiki ya oili, akainusa. Akafungua rejeta, akaangalia kama maji yamechanganyika na oili. Akakandamiza pembe za gari moja moja kuona shokamzoba zinavyorudi. Kila alipomaliza mahali, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Mimi ninamfahamu Omari. Gari likiwa bovu kweli hutukana, hatikisi kichwa. Siku hiyo hakutukana hata mara moja.

Kisha wakaliwasha, wakashuka nalo mpaka chini kwenye kona, wakapanda tena. Amiri alivyoshuka, aliupapasa usukani mara ya mwisho kabla ya kufunga mlango. Kisha akatugeukia, akakunja uso.

"Mwalimu, nikwambie ukweli? Kioo cha upande wa abiria hakishuki."

"Hicho nakijua, mwanangu."

"Hicho ni kidogo. Gari hili limewahi kupinduka."

"Kupinduka? Lini?"

"Hilo aliyejua ni marehemu. Chesesi, mifupa yenyewe ya gari, imepinda. Na breki hizi, ukishuka nazo kona za Soni, siku moja zitakugomea."

Hapo ndipo mwenye gari huku kwetu angemcheka, angemwambia nenda kanunue punda basi. Amiri alikuwa anasubiri jibu hilo. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia Omari.

"Fundi, ni kweli haya?"

Omari akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo hivyo, Mwalimu. Marehemu alikuwa anaendesha kwa bahati tu."

Hilo la bahati hawakupanga. Aliliongeza mwenyewe, kunogesha.

Mwalimu alishika ukingo wa banda. "Na mimi alikuwa ananipakia humo," alisema, kwa sauti ndogo ambayo nadhani niliisikia peke yangu. Uso wake ulibadilika, nikauona. Nilitaka kusema neno, lakini mke hamharibii mume wake bei, basi nikanyamaza. Amiri akataja bei ya kuchekesha, Mwalimu akasema atafikiria, tukaaga.

Amiri alirudi nyumbani anaimba. Kwa desturi ya mnada, mnunuzi harudi upesi. Humwacha mwenye mali akae na kasoro zake mpaka alainike. Basi akangoja, lakini kungoja kwenyewe kulikuwa kwa mtoto anayengoja Idi. Alihamisha mbuzi wangu, akasafisha banda, akamwaga kokoto ili gari lisiguse chini. Usiku aliniambia habari za usukani wake. Hakuwa na nia ya kumdhulumu mjane, hilo namtetea. Alikuwa ameshaweka kando bei yote aliyoitaka Mwalimu, na ya kumnunulia kitenge juu yake.

Tuliporudi Magamba, watatu sote, Omari akiwa amebeba betri mpya, banda lilikuwa tupu. Chini palikuwa na doa jeusi la oili na vipande vya vioo.

"Limeuzwa?" Amiri aliuliza.

"Kwa nani, mwanangu?" Mwalimu alitoka akijifuta mikono. "Alikuja kijana wa Kwai, akalitaka vilevile bila kulikagua, nikamkatalia. Ningemuuzia kifo? Nikawaita wale wa vyuma chakavu wa Mombo. Wamelikata hapahapa kwa gesi, wakapakia." Akamshika Amiri mkono kwa mikono yake miwili. "Nakushukuru sana. Ungeweza kuondoka ukanyamaza, nami ningemuuzia mtu mwenye watoto. Umenitoa katika dhambi."

Tukaingizwa sebuleni. Juu ya kochi picha haikuwepo, ulibaki msumari.

Mwalimu aliona nikiutazama. "Nimeitoa," alisema. "Miaka yote ile ananipitisha makorongoni kwenye gari lililopinda, anacheka, ananiambia Evodia usiogope. Na mimi siogopi, kwa kuwa namwamini. Juzi nilikwenda kaburini kwake nikamsema. Sijawahi kumsema hivyo akiwa hai."

Nilimtazama mume wangu. Angeweza kunyamaza, tungekunywa chai, tungeondoka na shukrani zetu. Omari alikuwa anaitazama betri yake. Hasira zilinipanda, nikamfinya Amiri pajani, nikamfinya hasa.

"Mwalimu," akasema, "gari lilikuwa zima."

"Usinifariji."

"Lilikuwa zima. Nililiponda kwa sababu nililipenda. Ndivyo tunavyonunua huku."

Mwalimu akamgeukia Omari tena, kama siku ile. Safari hii Omari hakutikisa kichwa. "Zima kabisa, Mwalimu. Alilitunza kama yai. Nisamehe."

Nilidhani Mwalimu atatufukuza, na ningefurahi kufukuzwa. Badala yake akasimama, akachukua kitambaa chake, akafunga kichwa.

"Twendeni mkamwambie yeye. Mimi sitaweza kurudi kwake na maneno mengine peke yangu."

Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya mipeasi. Amiri alivua kofia, akaivaa tena, hakujua adabu ya makaburi ya Wakristo ikoje. Mwishowe akainamisha kichwa.

"Shikamoo Mzee Stephano," akasema. "Gari lako lilikuwa zima. Mimi nilisema uongo."

"Taja na chesesi," Mwalimu akasema.

"Chesesi ilikuwa imenyooka. Halikuwahi kupinduka."

"Na breki."

"Breki zilikuwa nzima, Mzee. Zilikamata vizuri." Alifuta uso kwa kiganja, na kwa kuwa alikuwa ameanza kusema kweli hakutaka kubakiza kitu. "Kasoro yake ilikuwa moja tu, kioo cha upande wa abiria. Hakishuki."

"Hicho alikijua," Mwalimu akasema. "Kila Jumapili aliniahidi atakitengeneza."

Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani kaburini, akatuacha tumesimama.